Mioyo Minane na Saa ya Zamani

"Nyumbani kwangu nina mioyo minane," Lalla Zhor aliwaambia wanawake waliokuwa wakingoja mikate yao kwenye tanuri la mtaa, siku ya tano ya Ramadhani, "na yote naituliza mimi. Ukiugua mmoja, najua kabla ya mwenyewe hajajua."

Wanawake wakasogea. Mmoja akauliza ni mioyo ya nani.

"Ya kompyuta."

"Na huko ndani inafanya nini?"

Lalla Zhor akajipangusa unga mikononi taratibu, kama mtu anayetafuta pa kutokea. "Hapo ndipo elimu yangu inapoishia," akasema. "Mimi niliacha shule darasa la tano. Ikiwa kijani nakaa, ikiwa nyekundu napiga kelele. Hata kuku angeiweza kazi hii, ila kuku hatulii kitini."

Walicheka, na mikate ikatoka, na hakuna aliyeuliza tena. Angeulizwa vizuri angejikuta amesema zaidi, maana kulikuwa na jambo lililomwasha ulimi.

Mwanawe Anouar aliajiriwa na kampuni ndogo ya Rabat, ng'ambo ya mto, iliyoendesha tovuti ya magari ya wagonjwa wa figo. Kila jioni tovuti ilimtumia mgonjwa ujumbe: kesho gari litakufikia saa fulani, jibu ndiyo. Aliyejibu alifuatwa alfajiri akapelekwa kusafishwa damu. Asiyejibu, gari lilimpita. Tovuti yenyewe haikuwa moja. Zilikuwepo nakala zake nane zikifanya kazi ileile kwenye mashine za kukodi huko Ulaya, ili moja ikianguka zilizobaki zibebe mzigo. Anouar alizichunga kutoka sebuleni kwa mama yake, mjini Salé, kwa kutumia ubao wa bure, programu ambayo watu wa kila pembe ya dunia wameishona pamoja kisha wakaiacha wazi kwa anayeitaka. Mkuu wa kampuni, Si Tahar kama walivyomwita kwa heshima, aliusifu sana ubao ule, na sifa aliyoijua ni hiyo ya bure.

Kwenye ubao kila nakala ilikuwa na kisanduku chake na moyo wake. Kijani, hai. Nyekundu, imekufa au iko njiani. Na palipotokea nyekundu kengele ililia, ti-ti-ti, mpaka mtu aje.

Taabu ilikuwa magharibi. Adhana ikilia, nchi nzima iliweka simu chini kwa pamoja ikashika kijiko. Dakika ishirini baadaye iliweka kijiko chini kwa pamoja ikashika simu. Nakala zilipaliwa. Moyo mmoja uligeuka mwekundu kwa nusu dakika, ukarudi wenyewe. Halafu mwingine, halafu ule wa kwanza tena. Kila mlio Anouar aliacha bakuli la harira akakimbilia kompyuta, na kila akirudi alikuta supu imevaa utando. Mwanamume amefunga tangu alfajiri, anakula kwa vipande kama mtoto mwenye homa. Kufikia siku ya tatu mkanda wake ulihitaji tundu jipya.

Lalla Zhor alimtazama akibonyeza. Juu pembeni palikuwa na alama ya kengele. Ukiigusa, ubao ulikuuliza unyamaze kwa muda gani: dakika tano, saa moja, siku nzima. Anouar aliigusa siku za matengenezo tu. Siku ya nne, alipokwenda kutawadha dakika chache kabla ya adhana, mama yake alinyoosha kidole. Zote nane. Saa moja. Jioni hiyo Anouar alikula mabakuli mawili, akalamba kijiko.

"Leo nakala nazo zimefunga, Mama. Hazina nguvu ya kupiga kelele."

"Zimeanza kupata adabu," akajibu.

Kitu kimoja tu kilimtia wasiwasi. Kila alipozima kengele, chini ya skrini kilitokea kimstari cha kumbukumbu kikisema zimezimwa saa ngapi. Nacho kiliandika saa moja na nusu usiku, wakati saa ya ukutani ilisema kumi na mbili na nusu. Na saa ile ya ukutani, iliyoachwa na marehemu mumewe, Lalla Zhor hakumruhusu mtu aisogeze. Serikali ilipowaletea watu saa mpya, yeye alibaki na ya zamani, akachelewa kila mahali bila haya. Ramadhani tu ndipo serikali iliporudisha saa nyuma kwa mwezi mmoja, na Lalla Zhor alihesabu kwamba imekuja kumwomba radhi.

"Mwanangu," alimuuliza Anouar kesho yake, akimenya kitunguu kilichokwisha kumenywa, "mbona kompyuta yako inaandika saa ambayo haijafika?"

"Mashine iko Ulaya, Mama. Huko hawakurudisha saa kwa ajili ya mfungo wetu. Miezi mingine ya baridi tunakwenda sawa nao, mwezi huu hapana. Ukisoma saa pale, toa moja." Kisha akamgeukia. "Umeionea wapi?"

"Napita, napita."

Zilipita jioni kumi na tano. Anouar akarudi kwenye tundu lake la zamani la mkanda, na hakuna nakala iliyokufa.

Siku ya kumi na tisa Lalla Zhor alibonyeza kama kawaida, saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja. Wakafuturu. Palikuwa na mayai ya kuchemsha, tende, samaki wa kukaanga. Ilipofika saa moja zamu ya Anouar ikaisha. Kutoka hapo zamu ilikuwa ya Ghita, msichana wa ofisini aliyezichunga kutoka nyumbani kwao, Témara. Anouar akachukua mswala wake akaenda msikitini.

Lalla Zhor alikuwa akikusanya mabakuli alipotupa jicho. Moyo wa tatu ulikuwa mwekundu. Akapita. Aliporudi na kitambaa, wa nne na wa tano vilevile. Huwa inarudi, alijiambia, akafuta meza. Alipoinua tena kichwa, yote minane ilikuwa myekundu, kimya kabisa, ikimtazama.

Angeweza kumpigia mwanawe simu. Angeweza kwenda dirishani akaita. Lakini angesema nini? Angesema zimekufa, na Anouar angeuliza mbona hazikulia. Akabaki amesimama na kitambaa na sahani mkononi, anaisoma Ayatul Kursi, anaitazama saa ya ukutani. Ilipotimia saa moja na dakika thelathini na moja, muda wa kimya ukaisha na kengele zikapiga mayowe zote kwa pamoja, mpaka sahani ikamponyoka. Muda si muda moyo mmoja ukawa kijani. Wa pili. Wa nane. Ni Ghita, huko kwao, anaziamsha moja moja.

"Alhamdulillahi," Lalla Zhor akasema. Akaokota vigae, akavifungia kwenye gazeti, akavizika chini kabisa ya taka. Anouar aliporudi alimwambia sahani imevunjwa na paka.

"Tuna paka?"

"Alikuwa anapita."

Asichojua Lalla Zhor, wala Ghita, ni kwamba ujumbe wa wagonjwa ulitakiwa kutoka saa moja kamili, mara moja tu. Ulipofika wakati wake haukukuta nakala hata moja iliyo hai, na zilipoamshwa haukurudi nyuma.

Asubuhi alipokwenda kununua nanaa, alimkuta Ba Lmekki, jirani wa ghorofa ya juu, amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa jengo. Blanketi magotini, mfuko miguuni. Ndani ya mfuko kulikuwa na mkate na jibini vilivyofunikwa kwa taulo, kwa sababu ugonjwa ulimkataza kufunga na yeye aliona haya kula mbele ya watu.

"Mwanao amenisahau, Lalla Zhor," alitania. "Nimekaa hapa tangu alfajiri kama bi harusi. Jana simu haikulia kabisa."

"Labda leo si siku yako."

"Siku yangu naijua. Damu yangu inanikumbusha."

Lalla Zhor akarudi ndani bila nanaa.

Saa nne Ba Lmekki alichukua teksi. Alipofika aliambiwa hakuthibitisha, nafasi yake amepewa mwingine, arudi keshokutwa. Akarudi nyumbani. Jioni hiyohiyo miguu ilikuwa imevimba na pumzi haimtoshi, na wanaume wanne wakamshusha ngazi akiwa amekaa kwenye kiti kilekile cha plastiki. Alipopita mlangoni kwa Lalla Zhor alijitahidi kuinua mkono wa salamu. Blanketi lilikuwa bado liko magotini.

Tangu hapo dari ya Lalla Zhor ilinyamaza. Miaka tisa alikuwa akilalamika juu ya fimbo ya Ba Lmekki, tok, tok, kutoka kitandani mpaka jikoni. Sasa alisimama katikati ya sebule na kuitega sikio.

Si Tahar alipiga simu adhuhuri ya siku ya ishirini na moja. Anouar aliiweka kwenye spika kwa kuwa mikono yake ilikuwa kwenye vitufe. Lalla Zhor alikaa mkekani akimenya njegere.

"Wagonjwa kumi na mmoja," sauti ilisema. "Wawili wamelazwa. Familia ya mmoja ina mwanasheria. Unanisikia?"

"Nakusikia, Si Tahar."

"Nilidhani ubao uliharibika. Nikasema hivi ndivyo vitu vya bure. Kumbe haukuharibika. Kuna mtu amezima kengele kwa mkono wake. Zote nane. Imeandikwa."

Njegere moja ikaruka, ikaviringika hadi chini ya kabati.

"Jina la kuingilia ni moja, la ofisi," Si Tahar aliendelea, "kwa hiyo jina halinisaidii. Lakini saa iko. Saa moja na dakika thelathini na moja. Hiyo zamu ya nani?"

Vidole vya Anouar vilisimama juu ya vitufe.

"Kuanzia saa moja ni Ghita."

"Binti analia, anasema dakika hiyohiyo alikuwa anaziamsha. Anazima na kuamsha kwa dakika moja? Ananiona mimi mtoto. Sasa nijibu, maana wewe ndiye uliyeuweka ubao huo. Saa ya ubao ni saa yetu?"

Lalla Zhor akaacha kumenya. Alimwona mwanawe ubavuni: sikio, na shavu lililoanza kujaa.

"Ni saa yetu, Si Tahar."

"Basi. Mwanasheria wetu anasema mambo haya yana polisi. Shukuru Mungu haikuwa zamu yako."

Simu ikakatika. Likasikika bomba la jirani likitiririka.

"Toa moja," Lalla Zhor akasema, kwa sauti ndogo.

"Umesema nini?"

"Nahesabu njegere."

Anouar akageuza kiti. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuwa amelia. "Mama. Wewe hujawahi kugusa ubao huu, siyo?"

"Mimi? Mimi nagusa unga."

"Hata siku moja?"

"Kidole changu hiki kina ugonjwa wa baridi. Kinaweza kugusa nini?"

Anouar akakitazama kidole, kisha akamtazama yeye. "Vizuri," akasema. "Basi na usiwahi kuugusa."

Hawakulizungumza tena. Lakini siku hiyo Lalla Zhor alifunika kompyuta kwa kitambaa cha kutarizi kila Anouar alipoondoka, kama watu wanavyofunika kioo chumbani mwa mgonjwa. Gari likisimama nje, alikwenda dirishani kabla breki haijanyamaza. Mlango ukigongwa, alivaa kwanza jilbabu nzuri ya kutokea, ili kama ni polisi asichukuliwe na aproni yenye mafuta. Aliyepiga hodi alikuwa mtu wa maziwa, na akashangaa kwa nini mama huyu anamlipa akiwa amevaa vya sikukuu.

Jioni alipanda ghorofani na bakuli la harira kumpelekea binti wa Ba Lmekki, aliyekuja kufunga nguo za baba yake. Njiani, kila kidato, alipanga maneno. Kidato cha kwanza: binti yangu, nina neno. Kidato cha saba: ilikuwa ni ili mtoto ale. Alipofika mlangoni yalikuwa yamepangika vizuri.

"Anaendeleaje?"

"Wamemsafisha mara mbili. Jana hakunitambua, leo kaniuliza nani kamwagilia mnanaa wake." Binti akapokea bakuli kwa mikono miwili. "Tumeambiwa ni msichana mmoja wa kampuni. Alizima kengele ili atazame tamthilia. Hebu fikiri, Lalla Zhor. Baba yangu anakata pumzi ili yeye atazame tamthilia. Mungu amwonyeshe mikono yake ilichofanya."

Alingoja, kama watu wanavyongoja baada ya dua.

"Amina," Lalla Zhor akasema.

Akashuka akishika ukuta.

Ghita alikuja siku ya ishirini na mbili, robo saa kabla ya futari. Anouar ndiye aliyemwona kwanza, kutoka dirishani: msichana mwembamba wa miaka ishirini na minne, sweta ya kijivu, anasoma namba za milango, na kiboksi cha vitafunio vya chebakia kinachovuja asali mkononi.

"Mama, mwambie nimekwenda kununua mkate."

"Zamu ni yako. Ubao huu hapa."

"Mama!" Alishaingia chumba cha kulala. Mlango ukafungwa bila sauti, jinsi alivyoufunga utotoni alipovunja kitu.

Lalla Zhor akavuta pumzi, akafungua.

"Salaam aleikum, Lalla Zhor. Nisamehe kwa saa hii. Mimi ni Ghita, tunafanya kazi na Anouar."

"Aleikum salaam, karibu, binti yangu, karibu. Anouar ametoka. Amefuata mkate."

Ghita akakaa kwenye ncha ya kochi. Mbele yake, mezani, ilikuwepo mikate minne, bado ina joto. Akaitazama.

"Anakula sana, huyu mtoto," Lalla Zhor akasema.

"Ofisini hali hivyo."

"Ofisini anaona haya."

Ghita alijaribu kutabasamu, uso ukakataa. Alikiweka kiboksi mezani, asali ikamgandia vidoleni, akawa hajui aifutie wapi. Lalla Zhor akampa kitambaa. Mikono ya msichana ilikuwa na mabaka mekundu kwenye viungo, mikono ya mtu anayeosha vyombo kwa maji baridi.

"Kesho saa nne nina karatasi ya kusaini," Ghita akasema. "Nikisaini kwamba nilizima kengele kwa uzembe, wananifukuza tu. Nisiposaini, wanaipeleka polisi."

"Usisaini."

Lilimtoka kabla hajalitafuna. Ghita akainua kichwa. "Kwa nini, Lalla?"

"Kwa sababu... mtu hasaini kitu akiwa na njaa. Kichwa kinakuwa chepesi."

"Kichwa changu kimeshakuwa chepesi. Saa wanayosema, mimi kengele ndiyo kwanza imenilipukia. Nilikuwa na sabuni mpaka kwenye viwiko. Nilikimbia, nikaziamsha, sabuni imejaa kwenye kompyuta. Kosa langu nalijua, nilipoingia zamu saa moja sikutazama, nilitega sikio tu. Hazilii, nikasema salama. Hilo nitalisaini. Lakini kuzima sikuzima. Tangu nianze kazi sijawahi hata kuigusa ile alama, naiogopa." Akasita. "Au niligusa? Jana nimemuuliza mama yangu kama mimi hutembea usingizini. Akalia. Sasa kila nikimwona ananitazama mikono."

Lalla Zhor alikaa juu ya mikono yake mwenyewe.

"Nilitaka kumwomba Anouar aangalie tu," Ghita akasema. "Yeye anaujua ubao kuliko sote. Labda kuna kitu hakiko sawa. Wewe hukai naye hapa akifanya kazi? Hukuona chochote jioni ile?"

"Mimi, binti yangu? Mambo hayo siyajui hata kidogo. Hata kuiwasha siwezi. Naogopa umeme."

Ti-ti-ti.

Wote wawili wakaruka. Chini ya kitambaa cha kutarizi kulikuwa na mwanga mwekundu.

"Ni nakala," Ghita akasema, tayari amesimama. "Ameziacha peke yake? Nitazame?"

"Kaa! Wewe ni mgeni."

"Lalla, zikianguka tena kama siku ile..."

"Anarudi sasa hivi. Yuko ngazini. Kaa!"

Ti-ti-ti. Ti-ti-ti. Ndani ya chumba ubao wa sakafu ulilia chini ya mguu wa mtu, ukanyamaza. Ghita akageuza shingo kuelekea mlango ule. Kengele ilipiga juu ya kengele, moyo wa pili, moyo wa tatu, na msichana sasa alikuwa amepiga hatua, na Lalla Zhor hakuweza kufikiri. Alifika yeye kwanza. Akakivuta kitambaa. Hakuvaa miwani, hakuihitaji. Mkono ulikuwa umekwisha kuijua njia kwa jioni kumi na sita. Juu pembeni, kengele. Zote nane. Saa moja.

Kimya.

Aligeuka akamkuta Ghita amesimama nyuma yake.

"Vumbi," Lalla Zhor akasema, na kwa ncha ya aproni akaanza kuifuta skrini, ambayo ilikuwa inang'aa kama sinia ya harusi. "Linajaa sana vumbi, mtaa huu."

Ghita akamshika mkono ule wenye aproni, kwa adabu, akausogeza pembeni kama mtu anayefunua pazia, akainama. Kimstari kilikuwa chini pale, kipya. Akakisoma polepole, kwa sauti.

"Kengele zimezimwa. Nakala nane. Saa moja na dakika thelathini na sita."

Akainua macho kwenye ukuta. Saa ya marehemu ilisema kumi na mbili na dakika thelathini na sita. Akasoma tena kimstari. Akatazama tena ukuta. Lalla Zhor aliona jambo lile likiingia usoni mwa msichana kidogo kidogo, kutoka paji la uso mpaka mdomoni.

"Lalla Zhor. Saa yenu hii ni nzima?"

Miaka mingapi amegombana na karani wa posta, na imamu, na mkwewe wa Kenitra, na serikali yenyewe, kwa ajili ya saa hii. Chini yake palikuwa pamebandikwa kalenda ya Ramadhani yenye dakika za magharibi kwa kila siku, na hata siku moja saa haikuikosea.

"Mbovu," akasema. "Imekufa tangu afe mwenyewe. Inachelewa saa nzima."

"Saa nzima?"

"Saa nzima, wallahi. Sasa hivi ni saa moja na zaidi."

"Basi mbona hamjafuturu?"

Lalla Zhor akafungua mdomo. Mshale mrefu ukasogea, ukagota kwenye thelathini na saba, dakika iliyoandikwa kwenye kalenda, na msikiti wa mtaa ukaadhini. Ukafuata wa mtaa wa pili. Na adhana ya tatu, nyembamba, yenye mikwaruzo ya spika ndogo ya simu, ikatokea nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, mfukoni mwa mtu aliyekwenda kununua mkate.